Mkono wa Kushoto Hauulizwi

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye vyeti. Kwa watoto, kwa wazazi na kwa walimu wenzake alikuwa Bi Nukta, kwa sababu kila alipomaliza kusema alilotaka kusema alisema "nukta", na baada ya hapo hata ungemletea mawakili asingerudi nyuma. Alifundisha hesabu darasa la sita. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye kutembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, na sketi zake zote zilikuwa na doa la chaki upande wa kulia, pale alipozoea kujipangusia mkono.

Mwaka ule alikuwa na jambo moja moyoni, na tusimfichie: alitaka kuwa mwalimu mkuu. Mwalimu Mkuu aliyekuwapo, mzee mpole mwenye kofia ya sufu isiyotoka kichwani, alikuwa anastaafu mwisho wa muhula. Kiti chake Bi Nukta alikitaka mpaka akakiota. Wala haikuwa tamaa ya bure. Nani alikuwa akifika kabla ya kengele? Bi Nukta. Nani aliwatenganisha walimu wawili waliotaka kushikana mashati kwa ajili ya ratiba? Bi Nukta. Kilichobaki ni mkaguzi tu. Angekuja, angekaa nyuma ya darasa la sita, angetazama somo moja, na neno lake ndilo lingekuwa neno.

Sasa, usimfikirie Bi Nukta bila kukifikiria chumba cha walimu. Chumba chenyewe kilikuwa na meza ndefu iliyojaa madaftari, birika lililopoteza mfuniko, na viti ambavyo kila kimoja kilikuwa na mwenyewe ingawa hakuna kilichoandikwa jina. Mgeni akikaa pasipo pake aliachwa anywe chai kwa amani, kisha mtu akamwambia kwa upole kwamba hapo ni pa Mwalimu wa Sayansi, na Mwalimu wa Sayansi ana mgongo. Walipendana kwa namna yao. Ukiugua, vipindi vyako vinagawanywa kabla hujaomba ruhusa. Ukifiwa, unakuta wameshafika kwenu na chaki bado ziko mifukoni. Na ukiwa mwalimu mpya, wiki ya kwanza unafundishwa mambo ambayo chuoni hukufundishwa: choo kipi mlango wake haufungi, mzazi yupi hapaswi kupewa kiti maana haondoki, na habari ya mikono.

Habari ya mikono ilikuwa hivi. Mgeni akiingia darasani na ukauliza swali, watoto wote wananyoosha mikono. Wote, bila kubakisha hata mmoja. Lakini anayejua jibu ananyoosha wa kulia, na asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mgeni anaona darasa lenye akili za ajabu. Wewe unachagua wa kulia, jibu linatoka safi, watu wanaandika, wanaaga. Bi Nukta alifundishwa na Mwalimu Mkuu mwenyewe, enzi zile ndevu za mzee bado nyeusi. "Mtoto asiyejua usimwaibishe mbele ya wageni, binti yangu," alimwambia. "Mfiche kidogo, kisha ukae naye baadaye." Ile nusu ya kwanza ya maneno ilidumu shuleni. Nusu ya pili, nayo, ilipotea kama mfuniko wa birika.

Darasa lile Bi Nukta alikuwa amepanda nalo tangu la nne. Aliwajua, au ndivyo alivyoamini, kama anavyovijua vidole vyake. Miongoni mwa wale wa mkono wa kushoto, karibu na dirisha, alikuwapo mtoto wa dada yake, Kidoti, aliyeishi nyumbani kwake tangu mama yake alipokwenda kufanya kazi mbali. Mtoto mkimya, mwepesi wa kuosha vyombo, mzito wa hesabu. Mwalimu wa Michezo, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alizoea kumtania: "Dada, watoto wa watu wote wanapasua, wa kwako anakodoa macho. Kweli mganga hajigangi." Bi Nukta alicheka, lakini lilimchoma.

Kwenye dawati la mlangoni alikaa mtoto wa fundi viatu, msichana mrefu waliyemwita Bawabu. Kazi yake ilikuwa kuwafungulia wageni. Alikuwa na sauti ya kengele na adabu za kupigiwa mfano, na katika kunyoosha mkono hakuna aliyemshinda; ulitoka kabla swali halijaisha. Naye alikuwa wa kushoto.

Siku moja kabla ya ukaguzi Bi Nukta aliwafanyisha mazoezi. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu: nusu jumlisha theluthi. Aliuliza, mikono ikaruka, akapita katikati ya madawati akiirekebisha mmoja mmoja. Huyu ainue zaidi. Yule asipungie. Wa tatu, akamgusa begani, "Badilisha mkono, wewe." Akaendelea. Swali alilirudia mpaka jibu likawa linatoka kama maji ya bomba: tano juu ya sita.

"Kesho ni hivihivi," akasema. "Nukta."

Mkaguzi alikuja asubuhi, mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Bawabu alimfungulia mlango, akainama, akasema, "Karibu sana mgeni wetu, darasa la sita linakusalimu," na mkaguzi akatabasamu mpaka akasahau kuvaa miwani. Akaenda kukaa nyuma. Mwalimu Mkuu akakaa kando yake. Dirishani, kwa bahati ambayo haikuwa bahati, Mwalimu wa Michezo alikuwa akifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Somo likaenda vizuri. Bi Nukta akauliza, mikono ikasimama yote, akamchagua wa kulia, jibu likatoka. Akamchagua mwingine, likatoka. Moyo ukaanza kukaa mahali pake. Ndipo aliposikia kiti kinasogezwa kule nyuma.

"Mwalimu, naomba na mimi niulize kidogo," mkaguzi akasema.

Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Bi Nukta alitaka kusema lolote, akasema, "Karibu."

Mkaguzi akaenda ubaoni, akaandika nusu na theluthi, akajumlisha moja na moja juu, mbili na tatu chini, akapata mbili juu ya tano. "Mimi naona jibu ni hili," akasema. "Rahisi zaidi. Nani ataniambia kwa nini si hili?"

Mikono ikasimama, kwa mazoea. Mkaguzi akaitazama, polepole, safu kwa safu. Hakuwa na haraka. Bi Nukta alifuata macho yake, akaelewa. Yule mama hakuwa akitazama nyuso. Alikuwa akitazama ni mkono upi. Mkaguzi gani hakuwahi kuwa mwalimu? Ni nani aliyewadanganya kwamba habari ya mikono ilizaliwa kwenye shule yao?

"Wewe," mkaguzi akasema. "Binti wa dirishani. Mwenye mkono wa kushoto."

Alikuwa Kidoti.

Bi Nukta alishika ukingo wa meza. Alikiona kiti cha Mwalimu Mkuu kinaondoka, kinapita mlangoni, kinapotea. Alitaka kukohoa, alitaka kengele ilie, alitaka hata paa lidondoke kidogo, pasipo na watoto. Kidoti akasimama. Akautazama ubao, si mama yake mdogo.

"Mbili juu ya tano ni ndogo kuliko nusu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Na wewe ulianza na nusu, ukaongeza. Huwezi kuongeza kitu halafu kikapungua."

Mwalimu Mkuu akavua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Bi Nukta alipigwa na butwaa. Hakumfundisha vile. Hakumfundisha mtu yeyote vile. Yeye alikuwa amefundisha njia ya kufika kwenye tano juu ya sita, basi. Hata yeye mwenyewe, angeulizwa ghafla, angeanza kutafuta asili ya pamoja na kujikwaa.

Mkaguzi akageuka. "Na wewe, kijana wa nyuma. Wa kushoto pia. Tungechora picha, tungechoraje?"

Kijana akaja ubaoni, akachora mstatili, akaugawa vipande sita, akapaka chaki vitatu, kisha viwili, kikabaki kimoja. Akarudi kukaa. Huyu naye Bi Nukta alikuwa amemkatia tamaa tangu darasa la nne. Mkaguzi sasa akamtazama Bawabu, ambaye mkono wake ulikuwa umenyooka kuliko yote, akafungua kinywa kumwita. Kengele ikalia.

Mlangoni mkaguzi akampa Bi Nukta mkono, akausogelea uso wake na kunong'ona kama mtu anayemrudishia mwenzake siri. "Enzi zetu mkono wa kushoto ulikuwa wa wasiojua. Nami nimezoea kuwakamata walimu kwa kuwauliza hao hao wa kushoto. Wewe umeigeuza! Umenipiga chenga, mwalimu, na sijawahi kupigwa." Akacheka peke yake. "Lakini wale watoto wanajua. Hilo haliwezi kuigizwa. Kesho asubuhi kabla ya vipindi nitarudi. Uwaeleze walimu wote unavyofanya, kisha nitasema nililokuja kusema."

Bi Nukta alibaki amesimama, mkono bado uko hewani. Alishangaa mpaka akasahau kushukuru.

Chumba cha walimu kilikuwa kimeshapata habari. Mwalimu wa Michezo alikimbia mbio ambazo hakuwahi kuzikimbia uwanjani. Bi Nukta alipoingia walimpigia makofi. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na katika kikombe kizuri, kile cha wageni.

"Dada, wewe ni kiboko!" Mwalimu wa Michezo akasema. "Umewageuza mikono! Wajuao kushoto, wasiojua kulia. Mama wa watu kaingia mzimamzima! Kweli akili ni nywele, na wewe za kwako zimefika mgongoni."

"Na hukutuambia!" akalalamika Mwalimu wa Sayansi kutoka kwenye kiti chake. "Sisi wenzako."

"Ningewaambia ingevuja," Bi Nukta akajikuta akisema. Kila mtu akacheka. Hakujua maneno yale yalitoka wapi. Alikunywa chai ikamuunguza ulimi, na hakuisikia.

Mwalimu Mkuu peke yake hakucheka. Alimpitia, akamgusa bega. "Kiti ni chako, binti yangu. Kesho atakutangaza." Akasita, kana kwamba kuna jingine, kisha akatoka.

Jioni, jikoni, Kidoti alikuwa akimenya vitunguu. Bi Nukta alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa sufuria, naye akachukua kisu. Machozi ya vitunguu yalikuwa kisingizio kizuri kwa wote wawili.

"Kidoti. Lini ulijua hesabu?"

"Siku nyingi, Mama Mdogo."

"Siku nyingi! Na mkono wa kushoto wa nini?"

Mtoto akainua uso, akashangaa kweli, kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Si ndio mkono wangu?"

"Mkono wako vipi?"

"Darasa la nne sikujua, ukaniambia wa kushoto. Halafu nikajua. Nikanyoosha wa kulia. Ukaja ukaniambia nibadilishe. Jana pia. Nilinyoosha wa kulia, ukanigusa bega ukasema, 'Badilisha mkono, wewe.'"

Kisu kilimtoka Bi Nukta mkononi. Alikumbuka kugusa bega. Hakukumbuka lilikuwa bega la nani. Alikuwa amepita na kurekebisha, kama anayepanga vikombe. Mtoto wa dada yake mwenyewe, anayelala chumba cha pili, anayemwamkia kila asubuhi, na hakumtazama hata usoni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kwa nini hukusema nyumbani?"

"Nilisema. Ukaniambia hesabu ni za shule, nyumbani nioshe vyombo. Ukasema nukta." Kidoti hakusema kwa kinyongo, alikuwa anaeleza tu. "Lakini kushoto si kubaya, Mama Mdogo. Mkono wa kushoto hauulizwi. Wa kulia wana kazi ya kukariri jibu lako. Sisi tunakaa tu tunafikiri. Yule wa nyuma anachora. Mimi nasikiliza."

Bi Nukta akajaribu kucheka. Angalau, akajiambia, mkaguzi hakukosea sana. Watoto wanajua. Kesho atasema maneno mawili matatu, atakaa kwenye kiti, na mambo haya atayarekebisha akiwa ofisini, ana uwezo. Nani angeumia?

"Kwa hiyo wa kushoto wote mnajua," akasema. "Mlikuwa mnanichezea."

"Si wote." Kidoti akaweka kitunguu kwenye sufuria. "Bawabu hajui kusoma."

"Hajui nini?"

"Kusoma. Herufi. Mimi ndiye ninayemsomea ubao, namnong'oneza. Zamani alikuwa analia akienda msalani. Sasa haogopi tena, ameshazoea. Mradi anyooshe kabla ya wote, hakuna anayemuuliza."

Bi Nukta alisimama, akakaa, akasimama tena. Miaka miwili na zaidi. Mtoto alimfungulia mlango kila siku, akamkaribisha kila mgeni kwa sauti ya kengele, na mkono wake ulitangulia mikono yote. Yeye, Bi Nukta, aliyejivunia kumjua kila mtoto kwa mwendo wake, alikuwa akiutazama mkono ule na kuona adabu.

"Darasa linajua?" akauliza.

"Wote tunajua," Kidoti akasema. "Tulidhani na wewe unajua."

Chakula kile hakuna aliyekumbuka kama kilikuwa na chumvi.

Asubuhi chumba cha walimu kilipangwa vizuri, viti vimegeuzwa kuelekea mbele, kila mtu kwenye chake. Mkaguzi alifika na miwani yake kwenye uzi. Mwalimu wa Sayansi alikuwa ameleta mto wa mgongo. Walisubiri. Mwalimu wa Michezo alitoa mzaha mmoja kuhusu mabingwa wanaochelewa ili wapigiwe makofi, watu wakacheka. Akatoa wa pili, wakacheka kidogo. Hatimaye Mwalimu Mkuu akainuka mwenyewe, akaenda kumtafuta.

Alimkuta darasa la sita. Watoto wengine walikuwa bado uwanjani. Bi Nukta alikuwa amekaa dawati la mlangoni, amebanwa na benchi la kitoto, na kando yake Bawabu ameinamia kibao, ulimi nje kwa bidii, akifuatisha herufi ya kwanza ya jina lake. Chaki ilivunjika, Bi Nukta akampa nyingine. Msichana alimwona Mwalimu Mkuu dirishani, akaruka kwa mazoea kumfungulia, lakini safari hii hakusema karibu. Alirudi upesi kwenye kibao chake, asije akasahau alipofika.

Mwalimu Mkuu alitazama kibao, akamtazama mtoto, urefu wake wote, na ilimchukua muda kuamini alichokuwa akikiona.

"Huyu?" akasema. "Huyu wetu?"

Bi Nukta akatikisa kichwa kukubali.

"Binti yangu, wamekaa wote," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Mkaguzi anakusubiri, na ukimkosa leo hatarudi, atampa mwingine. Ni kueleza tu. Waambie unavyowafundisha hawa. Unajua la kuwaambia, si ndiyo?"

Bi Nukta alimtazama. Macho yalikuwa mekundu, na safari hii hapakuwa na vitunguu. Hakusema nukta. Aliinua mkono, akaunyoosha vizuri kama alivyowafundisha, na ulikuwa wa kushoto.

Mwalimu Mkuu hakuhitaji kuelezwa. Alisimama pale, kofia mkononi, na midomo yake ikasogea kana kwamba anatafuta ile nusu ya pili ya maneno yake ya zamani. Kisha akaingia, akauvuta mlango taratibu nyuma yake, akakaa upande wa pili wa Bawabu na kuuliza ni herufi gani inayofuata.